Tunaowangoja

3 Februari

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Natanguliza kabisa, maana najua shikamoo yako iko njiani na inakuja kwa miguu. Sisi wazima. Binamu yako bado ni muuguzi wodi ya watoto, anarudi amechoka mwili mzima isipokuwa ulimi. Anachelewa, na sheria yangu unaijua, hapakuliwi mpaka wote wawe ndani, kwa hiyo siku hizi tunakula chakula kimepoa na yeye ndiye anayelalamika. Paa la karakana limezibwa. Goti langu la kushoto limegoma kukanyaga cherehani, sasa nakanyaga na la kulia, mashine yenyewe inashangaa.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu una neno moja tu, "Niko kazini, Shangazi," halafu laini inakatika. Karatasi haikatiki.

Sasa neno lenyewe. Wale wanaotukodishia seva wameleta taarifa. Mwisho wa mwezi wa saba wanazima mitambo yao ya zamani, na jukwaa letu la mtandaoni la mafundi cherehani liko kwenye toleo la zamani kuliko yote. Tusiposasisha tunafungiwa nje, na kila kitu kimo ndani: maswali na majibu ya miaka yote, na zile sauti za mashine ambazo watu walirekodi ili wenzao wasikilize inakwaruza wapi. Isitoshe, wahuni wameshapata upenyo. Wiki iliyopita walibandika tangazo la dawa ya kuotesha nywele. Kipara, mwanachama wetu yule mwenye duka la vipuri, akauliza bei mbele za watu. Nililifuta tangazo pamoja na swali lake.

Nilitaka kubonyeza "Sasisha" mwenyewe, mkono ukasita. Nakumbuka nilivyobonyeza mara ile bila kukuuliza, kila ulichokitengeneza kwa mkono wako kikafutika. Kitufe chetu cha "Imepona", kile cha kubonyeza mashine ya mtu ikitengemaa, kikageuka dole gumba. Na kile kisanduku cha pembeni, Tunaowangoja, kinachotaja kila mtu ambaye hajaingia mwaka mzima, kikapotea kabisa mpaka ulipokirudisha. Basi nipe utaratibu. Mengine yakifutika nitavumilia. Kisanduku hapana.

Ujue nimewapigia simu wote walioandikwa mle, mmoja mmoja. Wengine nimewatukana kidogo. Wameingia. Yamebaki majina mawili.

Unakula vizuri?

Shangazi yako


27 Februari

Shangazi, shikamoo.

Nakula. Mpishi ninayekaa naye chumba huleta mabaki ya hotelini kwao, kwa hiyo nakula vizuri kuliko mshahara wangu. Anaimba akioga, sauti mbaya, nimeizoea hata asipokuwepo naona kimya kimezidi. Kazini bado niko kwenye kile chumba cha seva. Ni baridi mle, mashine zinapendelewa kuliko watu. Navaa koti mchana kutwa. Mpe pole binamu, mwambie ale kwanza kazini halafu aje ajifanye ana njaa. Goti usilionee.

Kuhusu jukwaa, tatizo ni namna nilivyolitengeneza. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Niliichana programu yenyewe nikashonea vipande vyangu mle mle ndani. Kila toleo jipya likija linaleta nguo mpya nzima, viraka vyangu vinabaki kwenye ile iliyotupwa. Namna inayotakiwa ni kutengeneza kitu cha pembeni, kinaitwa kiongezo, ambacho unakivalisha juu na kukivua. Nguo ikibadilishwa, chenyewe kipo.

"Imepona" nitaihamisha bila shida. Sauti za mashine pia. Kisanduku ndicho kigumu. Toleo jipya linahesabu mahudhurio kwa namna nyingine, nitalazimika kukiandika upya chote. Naona tukiache, Shangazi. Kusema kweli, nani anakitazama siku hizi?

Kwa sasa usibonyeze chochote. Kila Ijumaa chukua nakala ya akiba kama nilivyokuonyesha, uiweke kwenye kile kidude cha kuchomeka, na kidude ukiweke mbali na mafuta.

Mwanao


19 Machi

Mwanangu,

Salamu zako zimefika na mpishi wako tumemcheka. Huku mvua, karakana imejaa mashine za watu waliosubiri mvua ndio wakumbuke kushona. Binamu yako amepata likizo fupi, ameitumia yote kulala.

Nani anakitazama? Mimi ninakitazama. Kila asubuhi nikishafagia na kuwasha kompyuta, kabla sijasoma swali la mtu, macho yanaenda pale. Ulikitengeneza kwa ajili yangu, au umesahau? Nililalamika kwamba watu wanakuja, wanaponya mashine zao, halafu wanapotea bila hata kwaheri. Ukaniambia, "Nitakufanyia dirisha la kuchungulia nani hajarudi." Maneno yako hayo, na mdomo ukiwa umejaa chakula.

Majina yaliyobaki ni Mafuta Mepesi na Pindo.

Mafuta Mepesi ni baba yako, na sina haja ya kukukumbusha kwamba dawa yake kwa kila mashine, hata iliyovunjika shingo, ilikuwa tone la mafuta mepesi na subira. Hajaingia tangu alazwe. Pindo ni wewe. Jina tulilokupa wenyewe kwa jinsi ulivyokuwa unaning'inia kwenye pindo la shati lake karakana nzima. Wewe huingii. Usinipige chenga, najua unaingia kama Msimamizi, unafunga hiki unafungua kile, unatoka kwa mlango wa nyuma. Pindo mwenyewe hajakanyaga pale tangu mwaka ule.

Habari ya mazishi sisemi. Nilishakuambia sitaisema, ulinyimwa ruhusa ya kusafiri na mimi nilielewa. Lakini kisanduku usikiguse.

Shangazi


22 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kuchelewa. Kazini tulihamisha wateja wengi kwa mkupuo, nikawa narudi chumbani nalala na koti langu. Mpishi amehama, amepata kazi mji mwingine. Bafu limenyamaza. Habari ya karatasi zangu za ukaazi, tuiache kwanza.

Haya, umeshinda. Nimeanza kukiandika upya kisanduku. Nimeliiga jukwaa letu lote na kuliweka mahali pa pembeni, ndilo jukwaa la majaribio. Lina kila kitu, wanachama wale wale, maneno yale yale, ila hakuna anayeliona isipokuwa mimi na wewe. Anwani yake nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Toleo jipya nimeshaliweka kule. Ingia, bonyeza, haribu unavyotaka, halafu unieleze kilichokwama. Likikaa sawa ndipo tutasasisha lile la kweli.

Umeuliza kama nimesahau. Sijasahau kitu. Hata harufu ya ile chupa ya mafuta ninayo.

Mwanao


16 Mei

Mwanangu,

Leo salamu zitasubiri.

Jumanne asubuhi niliwasha kompyuta kama kawaida. Jukwaa la kweli, nimehakikisha, siyo lile la majaribio. Nikatazama kisandukuni. Jina la kaka yangu halipo. Nikavua miwani nikaifuta. Halipo. Nikashuka chini kwenye orodha ya walio ndani, nikamwona: Mafuta Mepesi, na kidoti cha kijani pembeni. Yupo sasa.

Nilikaa. Mashine ya mteja ilikuwa inazunguka, nikaiacha izunguke na uzi ukajisokota. Vidole vyenyewe vikaandika, nikamtumia ujumbe: "Kaka, ni wewe?"

Kidoti kikazimika.

Kipara naye alikuwa ameona. Akanipigia simu, mtu mzima na upara wake, analia. "Mama, Mzee amerudi?" Nikamwambia ni hitilafu, akanywe maji. Nilivyokata simu nililia mimi.

Najua waliokufa hawaingii kwenye mtandao. Mimi siyo mtoto na wala sijaanza kuzeeka kiasi hicho. Lakini kwa muda ule mfupi niliwaza chakula cha mchana nipike kingi. Ndivyo nilivyowaza, nakuambia bila aibu. Sasa niambie, nani alikuwa mle?

Shangazi


2 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Ni mimi.

Kisanduku kipya kilikuwa tayari na nilitaka kuona kama mtu aliyepotea akiingia jina lake linatoka kweli. Msimamizi anaweza kuingia kwa jina la mwanachama yeyote bila nywila. Nilikuwa nimefungua madirisha mawili, la kweli na la majaribio, yanafanana kama pacha, kwa sababu mimi mwenyewe nililinganisha kila rangi. Nilidhani niko kwenye la majaribio.

Niliona ujumbe wako ukiingia. "Kaka, ni wewe?" Niliona jina lako na picha yako ile ya kushika mkasi. Ningeandika nini? Nikazima kompyuta nzima, ya kampuni, na kazi ya watu ikiwa ndani. Bosi aliuliza, nikasema umeme.

Nisamehe sana. Mwombe Kipara naye anisamehe. Jina la baba limesharudi mahali pake, nililirudisha siku ile ile. Nimeweka ukanda mwekundu juu ya jukwaa la majaribio ili jambo hili lisitokee tena.

Naomba usininyime barua.

Mwanao


20 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na nimekusamehe kabla sijamaliza mstari wa kwanza. Kipara amesamehe pia, ila anasema utamlipa kwa ile dawa ya nywele. Binamu yako alisoma barua yako akaenda kuosha vyombo vilivyo safi. Goti limepona, asante kwa kutouliza.

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kuna kitu umekiruka. Ulihitaji jina la mtu aliyepotea ili ujaribu kisanduku. Majina yalikuwa mawili. Moja ni lako mwenyewe, na nywila yake unayo. Uliweza kuingia kwa jina la marehemu, ukashindwa kuingia kwa jina lako.

Sikugombezi. Nataka tu ujue kwamba nimeona.

Nami kuna jambo sijakuambia. Nilimwacha baba yako kwenye kisanduku kwa sababu nilidhani ukimwona pale utaumia, na ukiumia utakuja. Ulivyoumia ukataka kisanduku chote kiondoke. Basi tusiendelee hivi. Mtoe baba yako. Yeye hatumngoji. Nilikuwepo, nilimsindikiza, najua alipo, naenda kupalilia pale kila mwezi na kumpa habari za mashine. Maneno yake yote yabaki kwenye jukwaa, watu bado wanaponya mashine kwa maneno yake. Lakini kwenye orodha ya wanaongojwa hana kazi tena. Anayengojwa ni wewe.

Kitufe cha kumtoa ninacho, nimekiona kwenye jukwaa lako la majaribio, na kuna swali linauliza, "Una uhakika?" Sitakibonyeza mimi. Bonyeza wewe. Likikuuliza, lijibu mwenyewe.

Na muda unakwisha. Wenye seva wamekumbusha tena.

Nakukumbuka, mwanangu. Nakukumbuka vibaya sana. Nikisikia mtu anafungua geti kwa kulisukuma na bega kama wewe nasimama, halafu ni muuza mkaa.

Shangazi


31 Julai

Mwanangu,

Sijapata jibu lako. Nimekwenda posta mpaka karani amenichoka, ananiona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Simu yako inaita bila kupokelewa. Nitajuaje kama u mzima? Najua kwa jambo moja tu, kwamba kuna mtu amefanya kazi.

Juzi mchana jukwaa lilifungwa. Likaandika, "Tunashona. Rudini baadaye." Nikajua ni wewe, hakuna fundi wa seva duniani anayeandika hivyo. Nilikaa karakanani sifanyi kitu, nikifungua na kufunga boksi la sindano. Lilipofunguka lilikuwa na toleo jipya, jepesi, herufi zimenyooka hata mimi nasoma bila kukunja uso. "Imepona" ipo. Sauti zote zipo. Nimesikiliza ile ya baba yako anayokohoa katikati, ipo na kikohozi chake. Chini ya jina lake pameandikwa "Fundi wetu". Umefanya vizuri. Nilijua haikuwa rahisi na nilikaa nikakulilia kidogo.

Lakini kisanduku kimeharibika.

Hakina majina. Jina la baba yako nilitegemea lisiwepo. Lako je? Sikulitoa mimi. Mle ndani pameandikwa maneno ambayo hayajawahi kuonekana: "Wote wamefika. Funga mlango, tule." Hayo ni maneno yangu ya mezani, yamefikaje huko? Watu wanayacheka, Kipara ameuliza kimepikwa nini. Mimi sikucheka. Meza hii ina viti vitatu na watu wawili, mimi na binamu yako, na cha tatu nakifuta vumbi. Nani kaiambia kompyuta tumefika wote?

Nimewaza sana nikaogopa. Kama umejifuta, kama umeondoa jina lako ili nisikungoje tena, basi niandikie hivyo kwa mkono wako. Nitaumia lakini nitajua moja. Na kama ni hitilafu, irekebishe. Nirudishie jina lako. Afadhali nikutazame ukiwa hujafika kuliko nisikuone kabisa.

Shangazi yako


12 Agosti

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, na safari hii imewahi. Barua yako nimeipata leo mlangoni na najibu nikiwa nimesimama jikoni, sijavua hata koti.

Kisanduku hakijaharibika. Sikujifuta. Niliingia.

Nilikaa na barua yako ya mwezi wa sita bila kujua nianze wapi kuijibu. Simu sikupokea kwa sababu ningekusikia tu ningeshindwa kusema. Kisha nikafunga jukwaa nikaanza kazi. Nilibonyeza kile kitufe cha baba. Kikaniuliza kama nina uhakika. Nilitoka nikatembea barabara nzima mpaka kwenye kituo cha mafuta nikarudi, swali bado lipo pale linasubiri. Nikajibu ndiyo. Nililia, Shangazi, kwa mara ya kwanza tangu uliponipigia simu ile, na chumba hakina mtu wa kuimba.

Baada ya hapo nikatoka kwenye Usimamizi, nikaandika Pindo, na nywila ikaja bila kuifikiria. Ndipo nami nikayaona maneno yale. Nilikuwa nimeyasahau kabisa. Programu lazima iambiwe iseme nini orodha ikiwa tupu, na nilipokuwa na miaka kumi na saba, wewe ukiniita mezani kwa kelele, niliandika yale unayoyasema kila siku. Nilidhani yataonekana ndani ya wiki moja. Nilipokiandika upya niliyahamisha maneno yote ya zamani kwa mkupuo, bila kuyasoma. Kisanduku hakijawahi kuwa kitupu, ndiyo maana hakuna aliyeyaona mpaka siku ile.

Karatasi zangu za ukaazi zilitoka mwezi wa kwanza. Nilikuwa nazo ulipoandika barua yako ya kwanza. Sikukuambia kwa sababu ungesema njoo, na mimi nilikuwa naogopa. Huku nilipo, baba yuko karakanani, ameinamia mashine, ana chupa mkononi. Nikifika nikakuta benchi lake ndipo itakuwa kweli. Nimeng'ang'ania huku ili yeye awe bado yuko huko. Sasa nimeshamtoa kwa mkono wangu, hakuna ninachokilinda tena, na nimekukumbuka mpaka nashindwa kufanya kazi ya watu.

Bosi amenipa likizo. Naondoka Jumamosi. Barua hii naiposti leo, sijui kati yangu na yenyewe nani atatangulia. Ikitangulia yenyewe, usiwape mafundi habari, nataka nimwone Kipara uso wake. Nikitangulia mimi, tutaisoma wote mezani.

Usirekebishe kitu. Kompyuta haijasema uongo, imewahi kidogo tu. Pika kama ulivyowaza siku ile, pika kingi, niwekee kiti changu.

Ila mlango usiufunge bado.

Pindo